Kuchagua Chombo cha Akiba: Somo la Hisabati kwa Njia ya Mchezo wa Kiwanda

1. Utangulizi

Mada ya ujazo ni miongoni mwa mada zinazofundishwa kwa juhudi kubwa na kusahauliwa upesi. Mwanafunzi hukariri kwamba ujazo wa sanduku hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo. Huchorewa sanduku ubaoni, huandika jibu, nalo hupigwa alama ya vema. Sanduku lenyewe halikuwekwa kitu, wala hapakuwa na mtu aliyelihitaji. Haishangazi, basi, kuwa mwanafunzi huyo huyo akiulizwa nyumbani kama kihenge cha baba yake kitatosha mpaka mavuno yajayo, hanyoshi mkono.

Katika wilaya ya Gairo, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, swali hilo la nyumbani ni zito. Mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka, lakini chungu hutelekwa kila siku. Mkulima asiye na chombo cha kutosha huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na hununua wakati wa masika, bei ikiwa imepanda. Mwalimu anayekwenda kufundisha katika shule za huko, au za Kongwa, Mpwapwa na Kilosa, hana budi kujiuliza: je, hesabu ninayoifundisha yaweza kumsaidia mtoto huyu kuona jambo hili?

Katika makala haya tutaeleza somo moja la hisabati kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, linaloendeshwa kwa mchezo. Mchezo unatokana na aina ya michezo ya kompyuta ambayo mchezaji hujenga kiwanda kinachojiendesha, na huamua ni chombo gani cha akiba akiweke kati ya mashine na mashine. Sisi tutauchezea juu ya dawati, kwa kokoto na makopo.

2. Mchezo ulikotoka

Mfano unaojulikana sana wa michezo hiyo ni Factorio, uliotungwa na kampuni ya Wube Software ya Ucheki, ambao toleo lake kamili lilitoka mwaka 2020. Mchezaji huchimba madini, huyayeyusha, huunda vipuri, na polepole huiachia mitambo ifanye kazi yote. Kati ya mitambo huweka masanduku ya akiba. Sanduku la mbao lina nafasi 16, la chuma nafasi 32, na la feleji nafasi 48. Nafasi moja huchukua mabamba ya chuma 100. Kwa hiyo masanduku hayo hubeba mabamba 1,600, 3,200 na 4,800.

Mchezaji mgeni hukimbilia sanduku kubwa. Lakini sanduku la chuma hugharimu mabamba 8 ya chuma, na la feleji hugharimu mabamba 8 ya feleji. Kila bamba la feleji hutokana na mabamba 5 ya chuma. Hivyo sanduku la feleji limekula mabamba 40 ya chuma ili kuongeza nafasi 16 tu. Katika sanduku la chuma, bamba moja hununua nafasi 4. Katika la feleji, bamba moja hununua nafasi moja na sehemu ya tano. Hesabu hii mwalimu aweza kuiweka ubaoni kama zoezi la uwiano, hata kama shule haina kompyuta.

Jambo tunalolichukua kutoka katika mchezo huo ni fikra iliyo ndani yake. Chombo cha akiba hakihukumiwi kwa ukubwa wake peke yake. Huhukumiwa kwa kulinganisha mwendo wa kinachoingia, mwendo wa kinachotoka, na muda ambao mmojawapo husimama. Fikra hiyo ndiyo iliyo katika mashine ya kukoboa na kusaga iliyopo katika vijiji vyetu, na ndiyo iliyo katika kihenge.

3. Madhumuni ya somo

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa maneno yake kwa nini chombo hujaa au hukauka;
(b) kukokotoa muda ambao chombo kitachukua kujaa, akijua kiasi kinachoingia na kinachotoka;
(c) kuchagua chombo kinachotosha kwa kuzidisha mwendo wa matumizi kwa muda wa kusimama;
(d) kulihusisha jambo hilo na utunzaji wa nafaka nyumbani.

4. Zana

Kila kikundi kinahitaji kokoto 60 za ukubwa wa punje ya mahindi, makopo matupu, kipande cha chaki na daftari moja. Mtu aweza kushawishika kutumia mahindi yenyewe. Tunashauri asifanye hivyo. Chakula hakichezewi, na mtoto aliyekuja shuleni bila kifungua kinywa hatajifunza vizuri kwa kurusha punje.

Makopo yawe ya ukubwa wa namna tatu: la kokoto 16, la 32 na la 48. Kama makopo ya namna hiyo hayapatikani, tumia makopo yaliyo sawa na umwagize mkaguzi ahesabu. Idadi ikifika kikomo, chombo “kimejaa”. Wanafunzi wakusanye kokoto siku moja kabla, ili kipindi kisiliwe na kazi ya kutafuta zana.

5. Kupanga darasa

Darasa la wanafunzi 60 ligawanywe katika vikundi 10 vya watu sita. Kila mmoja awe na kazi yake: mpiga kofi, mtiaji, mchotaji, mkaguzi wa chombo, mwandishi na mtunza lundo. Mtiaji ni mashine ya kukoboa. Mchotaji ni mashine ya kusaga. Kopo lililo kati yao ni chombo cha akiba. Mpiga kofi hupiga kofi moja kila baada ya sekunde tano. Mtiaji na mchotaji hutenda kazi pamoja kwa kofi hilo, kisha mkaguzi huhesabu kilichobaki ndani ya kopo. Kilichochotwa huandikwa na mwandishi, na mtunza lundo hukirudisha mwanzoni. Kwa utaratibu huu kokoto 60 zinatosha hata kama zinazopita ni mia mbili.

Sharti moja lisisitizwe: mtiaji na mchotaji hawaamui lolote. Hufuata kanuni waliyopewa, kama mashine inavyofuata. Mtoto atataka kumsaidia mwenzake kwa kuongeza mkono. Mkumbushe kuwa mashine haina huruma, na kwamba hilo ndilo tunalotaka kulichunguza.

6. Mchezo wa kwanza: mashine moja ni ya haraka, nyingine ya polepole

Kanuni: mtiaji hutia kokoto 4 kwa kila kofi, mchotaji huchota 3. Kopo likijaa, mtiaji hawezi kutia zaidi ya nafasi iliyoachwa na mchotaji. Mchezo uende kwa makofi 60, yaani dakika tano. Vikundi vingine vipewe kopo la 16, vingine la 32, vingine la 48.

Kabla ya kuanza, uliza darasa: kikundi gani kitatoa unga mwingi zaidi? Wengi watajibu: chenye kopo kubwa. Usiwasahihishe. Andika jibu lao ubaoni na uliache hapo.

Baada ya mchezo matokeo yatakuwa hivi:

Kopo la 16: mtiaji ametia 196, mchotaji amechota 180, zimebaki 16.
Kopo la 32: mtiaji ametia 212, mchotaji amechota 180, zimebaki 32.
Kopo la 48: mtiaji ametia 228, mchotaji amechota 180, zimebaki 48.

Hapa mwalimu anyamaze kidogo na awaache wanafunzi walitazame jibu lao la kwanza. Vikundi vyote vimetoa 180. Kopo kubwa halikuongeza hata kokoto moja ya unga. Kilichoongezeka ni mahindi yaliyokobolewa na kukaa bila kusagwa.

Sasa ufuatie uchambuzi. Kila kofi, kokoto 4 huingia na 3 hutoka, hivyo 1 hubaki. Kopo la 16 hujaa mwisho wa kofi la 16. La 32 hujaa mwisho wa kofi la 32. La 48 hujaa mwisho wa kofi la 48. Baada ya hapo mtiaji wa kila kikundi hulazimika kwenda kwa mwendo wa mchotaji. Kopo kubwa limeahirisha tu siku ya kusimama. Mwenye kiwanda aliyeona mahindi yakirundikana mbele ya mashine ya kusaga, akajenga ghala kubwa zaidi badala ya kuongeza mashine ya pili ya kusaga, ameificha kasoro, hakuiondoa.

Darasa lenye wepesi lipewe kanuni kinyume: mtiaji 3, mchotaji 4. Wataona kopo halipati kitu kamwe, liwe dogo au kubwa. Kutokana na michezo hii miwili wanafunzi waongozwe kutunga kanuni wenyewe. Mwalimu aweza kuipanga hivi: chombo kilichojaa daima husema kasoro iko mbele yake, chombo kilicho kitupu daima husema kasoro iko nyuma yake.

7. Mchezo wa pili: mashine inaposimama

Je, chombo cha akiba basi hakina faida? Mchezo wa pili wajibu swali hilo.

Kanuni: mtiaji hutia 4 kwa kila kofi kwa muda wa makofi 30, kisha hupumzika kwa makofi 10. Mwalimu aseme kuwa umeme umekatika, au mkanda wa mashine umechanika. Mchotaji, ambaye mashine yake ni ya dizeli, huchota 3 kila kofi bila kupumzika, maadamu kuna cha kuchota. Mchezo ni wa makofi 40.

Katika makofi 30 ya kwanza, kokoto 30 zaweza kuwekwa akiba. Katika makofi 10 ya mapumziko, mchotaji huhitaji 3 mara 10, yaani 30. Matokeo:

Kopo la 16: mchotaji amepata 90 wakati wa kazi na 16 wakati wa mapumziko, jumla 106.
Kopo la 32: amepata 90 na 30, jumla 120.
Kopo la 48: amepata 90 na 30, jumla 120.

Kopo dogo limepoteza 14. Kopo la 32 limetosha. Kopo la 48 halikuongeza kitu, kwa sababu akiba haikupita 30. Nafasi 18 zilikuwa tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo wanafunzi wanapoiona kanuni ya kuchagua:

Ukubwa unaohitajika = matumizi ya kila kofi × idadi ya makofi ya kusimama.

Tunasisitiza kwamba kanuni hii isiandikwe ubaoni kabla ya mchezo. Mtoto aliyeipata kutokana na kokoto zake mwenyewe hataihitaji kuikariri. Aliyeandikiwa kwanza ataiona kuwa ni moja zaidi katika orodha ndefu ya kanuni.

8. Kikomo cha chombo

Katika mchezo wa kompyuta mchezaji aweza kufunga baadhi ya nafasi za sanduku, ili lisijae kupita mahitaji. Sababu yake ni hii: malighafi mara nyingi hugawanywa. Mahindi yale yale yanatakiwa kwa sembe na kwa dona. Kama chombo cha dona ni kikubwa mno na hupewa kwanza, kitameza mahindi yote huku mashine ya sembe ikikaa bure. Akiba iliyozidi upande mmoja ni upungufu upande mwingine.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa kuwa na makopo mawili yanayolishwa na mtiaji mmoja, na kwa kufunga uzi kwenye kopo mahali pa kikomo. Mchezo huu uwe mfupi. Wanafunzi wakielewa kuwa mstari wa kikomo ni uamuzi wa mtu na si umbo la kopo, yatosha.

9. Kutoka dawatini hadi kihengeni

Sehemu hii ndiyo kiini cha somo, wala isikatwe kwa sababu ya kengele. Ikibidi, ipewe kipindi cha pili.

Waambie wanafunzi: shamba ni mtiaji, na chungu cha mama ni mchotaji. Mtiaji huyu hufanya kazi mara moja kwa mwaka, kisha hupumzika. Mchotaji hapumziki hata siku moja. Tuseme kaya inakula debe 3 za mahindi kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni debe 36, yaani magunia 6 kwa hesabu ya debe 6 kwa gunia. Kama mavuno huingia mwanzoni mwa Julai na chombo cha kaya hiyo hubeba debe 24, kitakuwa kitupu mwishoni mwa Februari. Kutoka Machi hadi Juni familia itanunua. Waulize wanafunzi: debe 12 zilizokosa mahali pa kukaa zilikwenda wapi, na kwa bei gani? Jibu wanalo wao kuliko mwalimu.

Hata hivyo punje za mahindi si kokoto. Kokoto haibunguliwi wala haioti ukungu. Kwa hiyo katika kuchagua chombo cha nafaka, ukubwa ni swali la kwanza tu. Yako matatu mengine.

La kwanza ni wadudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligunduliwa mkoani Tabora mdudu aliyetoka bara la Amerika, ambaye wakulima walimwita dumuzi, na wengine Scania. Hutoboa mahindi, na hutoboa hata miti ya ghala. Chombo cha miti kilichotosha kwa vizazi vingi kilihitaji sasa kuangaliwa upya. Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya gunia la nje, pamoja na vihenge vya bati, hufanya kazi kwa kanuni moja: wadudu waliofungiwa humaliza hewa wanayoihitaji, wakafa au wakaacha kula. Mfuko uliotoboka, au unaofunguliwa kila siku, haufanyi kazi hiyo. Kaya inayochota kila wiki hufaidika zaidi kwa mifuko kadhaa, unaofunguliwa mmoja mmoja, kuliko kwa chombo kimoja kikubwa kinachofunguliwa daima.

La pili ni unyevu. Mahindi yahifadhiwe yakiwa yamekauka vema, unyevu usizidi kama asilimia 13. Yaliyofungwa yakiwa mabichi huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chombo kizuri hakiponyi nafaka iliyoingizwa vibaya.

La tatu ni zamu ya kutoka. Kopo linalotiliwa juu na kuchotwa juu huacha ya zamani chini. Kihenge chenye mlango wa chini hutoa kwanza kilichotangulia kuingia. Hili laweza kuonyeshwa darasani kwa kupaka chaki kokoto kumi za kwanza na kutazama zitatoka lini.

Aidha, mwalimu asiache kugusia kipimo chenyewe. Debe kwa asili ni kopo la mafuta ya taa la galoni nne. Lakini debe lililojazwa hadi ukingoni si sawa na lililorundikwa juu kama kichuguu. Gunia la lumbesa, ambalo sheria ya vipimo inalikataza, ni somo la ujazo ambalo mkulima huligharimia kwa jasho lake. Mwanafunzi apime kopo lililosawazishwa na lililorundikwa, ahesabu tofauti, na aizidishe kwa idadi ya makopo yanayojaza gunia.

10. Makosa ya kuepuka

Kwanza, mwalimu asiugeuze mchezo kuwa mashindano ya haraka. Kikundi kikiharakisha kofi, hesabu hupotea na kelele huongezeka. Pili, kazi ya mwandishi isiachiwe daima mwenye mwandiko mzuri. Wabadilishane baada ya kila mchezo. Tatu, wasichana wasipewe uchotaji na wavulana ukaguzi kwa mazoea tu. Nne, mifano ya kaya itolewe kwa jina la “kaya fulani”. Mtoto asilazimishwe kutangaza mbele ya wenzake kuwa kwao chakula huisha mwezi gani.

11. Tathmini

Maswali haya yaweza kutumiwa mwisho wa kipindi cha pili:

(1) Mtiaji hutia 5 kwa makofi 20, kisha hupumzika makofi 5. Mchotaji huchota 4 daima. Chombo cha ukubwa gani kinatosha?
(2) Mtiaji hutia 6 kwa makofi 15, kisha hupumzika makofi 5. Mchotaji huchota 4 daima. Chombo cha ukubwa gani kinatosha?
(3) Mashine ya kusaga imekaa bure siku nzima, na chombo kilicho mbele yake ni kitupu. Mwenyewe anataka kununua chombo kikubwa. Mshauri.

Jibu la swali la kwanza ni 20. Jibu la pili pia ni 20, ingawa akiba inayoweza kukusanywa ni 30. Mwanafunzi anayejibu 30 ameangalia kinachoweza kuingia na kusahau kinachohitajika. Swali la tatu halina hesabu, lakini ndilo linaloonyesha kama somo limeeleweka: chombo kitupu hakiponywi kwa kupanuliwa, bali kwa kuimarisha kazi iliyo nyuma yake.

12. Kazi kwa wanachuo

Kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo auchezee mchezo huu pamoja na wenzake watano, kwa makofi yote 60 bila kukatisha. Kisha aandae andalio la somo kwa shule aliyopangiwa, akitaja vyombo vinavyotumiwa na wakulima wa mahali hapo na majina yake kwa lugha ya wenyeji. Akifika kijijini aombe kuonyeshwa kihenge kimoja, apime upana na kimo chake, na akadirie ni debe ngapi kinachobeba. Makadirio hayo ayalinganishe na ya mwenye kihenge. Yakitofautiana, achunguze kwa heshima ni kwa nini. Huenda mkulima amehesabu jambo ambalo kanuni ya ubaoni haikulihesabu, na hilo nalo liingizwe katika somo.